Kufuata vyombo vya meza ya msomi: Seoul, Bunwon na Icheon

Waliokuwa wakifuatilia picha zangu njiani waliuliza swali lile lile: mtu anatoka Dar es Salaam mpaka Korea kwenda kutazama vyombo vya kauri vinavyoenea kiganjani? Ndiyo, nimekwenda, na hii hapa safari yenyewe kama nilivyoipanga upya kutoka kwenye daftari na simu.

Nafundisha sanaa sekondari. Kwa muda mrefu nimevutwa na vitu vilivyokaa juu ya meza ya msomi wa Kikorea enzi za ufalme wa Joseon, ulioanza 1392 na kuisha 1910. Meza zenyewe zilikuwa fupi kwa kuwa msomi alikaa sakafuni. Juu yake kulikuwa na jiwe la kusagia wino, kijiti cha wino mkavu, brashi na karatasi, halafu vyombo vya kauri nyeupe vya kuvihudumia vyote hivyo. Chombo cha kudondoshea maji kwenye jiwe la wino kinaitwa yeonjeok. Kopo la kusimamishia brashi ni piltong. Nitayatumia majina hayo hayo kwa sababu ndiyo utakayoyakuta kwenye vibao huko. Nilichokitaka hasa ni kuiona yeonjeok ikifanya kazi. Picha zote nilizowahi kuziona zinaionyesha ikiwa kavu, na kwangu mimi chombo kilichoumbwa kwa ajili ya maji na kidole hujakiona mpaka umekishika.

Kuhusu pesa: nilipokwenda, won 1,000 ilikuwa kama shilingi 1,800 hivi za Tanzania. Mtanzania anahitaji viza. Anza mapema, maana barua ya mwajiri na taarifa ya benki zinaweza kukurudisha dirishani zaidi ya mara moja.

Jumapili na Jumatatu: njiani

Ndege ya kuondoka Dar ilichelewa kwa saa kadhaa, na muda mwingi hakuna aliyetuambia kitu. Pale kwenye viti nilikaa na mama mmoja mfanyabiashara wa Lubumbashi, anakwenda Guangzhou kuchukua mzigo wa vitenge. Alikuwa na mfuko wa maandazi na chupa ya chai. "Kula kwanza, dada," aliniambia, "ndege itatukuta tu hapa." Akanifundisha pia kubeba soksi nene na sweta kwenye begi la mkononi, kwa sababu begi kubwa linaweza kufika kesho yake. Ndege ya pili niliikuta wakifunga mlango. Yeye alikwenda lango lingine na hatukupata hata muda wa kuagana vizuri.

Incheon nilifika Jumatatu jioni, na begi langu kubwa lilifika pia. Chukua treni ya kawaida inayosimama kila kituo, si ile ya moja kwa moja. Nililipa kama won 4,500 hadi Kituo Kikuu cha Seoul. Kadi ya usafiri inauzwa kwenye maduka madogo ya uwanjani, unaiongezea pesa taslimu, na inakubalika kwenye treni na mabasi kila nilikopita. Nyumba ya wageni niliyoipata mitaa ya Jongno ilikuwa won 38,000 kwa usiku. Chumba kidogo, godoro chini, na sakafu inayopashwa joto kutoka chini yake. Ulikuwa mwezi wa kumi, usiku una baridi kweli, na ile sakafu ilinilaza vizuri kuliko kitanda chochote.

Angalizo moja kabla hatujaendelea. Kuna Incheon (uwanja wa ndege), kuna Ichon (kituo cha treni cha makumbusho), na kuna Icheon (mji wa wafinyanzi). Kuna pia Gwangju mbili: jiji kubwa la kusini-magharibi, mbali sana, na ile ya mkoa wa Gyeonggi iliyo jirani na Seoul. Tunayoitaka sisi ni hii ya Gyeonggi. Andika majina kwa herufi za Kikorea kwenye simu kabla hujatoka chumbani.

Jumanne: Insadong

Insadong ni mtaa wa maduka ya sanaa, na baadhi yake bado yanauza vifaa vya kuandikia kwa brashi. Niliingia duka jembamba lenye brashi zilizoning'inizwa kwa vitanzi, kubwa kama ufagio hadi nyembamba kama sindano ya kufumia. Mwenye duka, mzee wa makamo, alipoona nazitazama tu akanivutia kigoda na kuanza kusaga wino. Kijiti cha wino ni masizi yaliyogandishwa kwa gundi. Unakizungusha polepole kwenye jiwe lenye maji kidogo hadi maji yanakuwa mazito na meusi. Harufu ile niliijua. Babu yangu Tanga alikuwa na wino wa masizi wa kuandikia mbao za chuo, na mikono yake ilikuwa na harufu hiyo hiyo.

Wasomi wa Korea, kama wa China, walizoea kusema kuna marafiki wanne wa chumba cha kusomea: karatasi, brashi, wino na jiwe. Maji hayamo kwenye hesabu, na chombo cha maji hakimo pia, ilhali bila tone la kwanza hao wanne hawana cha kufanya. Labda ndiyo maana wafinyanzi walipata uhuru mkubwa kwenye yeonjeok. Jiwe la wino lazima liwe na mteremko wake na kijishimo chake, lakini chombo cha maji kinaweza kuwa pichi, chura, nyumba au mlima, mradi kinadondosha.

Mwenye duka mwenyewe alichota maji kwa kijiko. Kwenye rafu yake kulikuwa na yeonjeok za won 15,000 hadi 30,000, za kiwandani, na moja niliyoijaribu tundu lake lilikuwa limezibwa na kauri. Nilipomwonyesha alicheka, akaandika kwenye simu yake ya kutafsiri: "Wateja wanaziweka dirishani." Nilinunua brashi moja ya won 12,000 na yeye akaniongezea kijiti cha wino bure, kilichofungwa kwenye karatasi nyekundu.

Mchana nilikula wali wa mboga wa kuchanganya kwa won 10,000. Kama huli nguruwe, sema mapema na uonyeshe maandishi, kwa sababu anaweza kuwemo hata kwenye supu inayoonekana ya mboga.

Jumatano: Makumbusho ya Taifa

Makumbusho ya Taifa ya Korea yako Yongsan, kwenye jengo lililofunguliwa 2005. Panda treni ya njia namba 4, shuka kituo cha Ichon, ufuate njia ya chini ya ardhi hadi mlangoni. Nilipokwenda hakukuwa na kiingilio kwa maonyesho ya kudumu. Jumatano hawafungi mpaka saa tatu usiku, na ndiyo sababu niliichagua siku hiyo. Baada ya saa kumi na mbili jioni vikundi vya wanafunzi vinaondoka na unabaki na makabati.

Ukumbi wa kuingilia una mnara wa mawe wa hekalu la Gyeongcheonsa, wa ghorofa 10, uliojengwa 1348. Niliupita nikaenda ghorofa ya tatu kwenye kauri. Pana chumba kizima chenye mtungi mmoja mkubwa mweupe wa mviringo, ule wanaouita mtungi wa mwezi, na watu hukaa mbele yake kimya. Ni mzuri, lakini kabati langu lilikuwa la vitu vidogo, na hapo nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Kulikuwa na yeonjeok ya mraba yenye mandhari ya mto na milima kwa rangi ya buluu. Kulikuwa na nyeupe tupu, ya mviringo uliojaa, wanaiita ya goti kwa umbo lake. Kulikuwa na ya pichi, tunda la maisha marefu, limekaa juu ya kitawi chake, jani limepakwa buluu na ncha ya tunda imeguswa kwa rangi ya shaba iliyotoka nyekundu upande mmoja na kijivu upande mwingine, kwa sababu shaba ndani ya moto haitii amri ya mtu. Kulikuwa na iliyoumbwa kama milima ya Geumgang, safu inayosifiwa na washairi wa Korea tangu zamani na ambayo sasa iko Korea Kaskazini. Msomi ambaye hakuwa na nauli wala ruhusa ya kwenda huko aliuweka mlima mezani na kuukamulia maji.

Kila yeonjeok ina matundu mawili, moja la kutoa maji na jingine la kuingiza hewa. Ukiliziba la hewa kwa kidole, maji hayatoki hata ukiinamisha. Ukilegeza kidole, linatoka tone. Nilipolielewa hilo nikaacha kutazama mapambo nikaanza kuwinda matundu. Kwenye pichi, tundu la maji limefichwa kwenye jani. Kwenye chura ni mdomo. Kwenye ile ya mraba matundu yako wazi, moja juu na jingine kwenye pembe, na mchoraji ameyakwepa kwa brashi kana kwamba ni kisiwa katikati ya mto. Kuona baadhi yake ilibidi nipige magoti. Mlinzi mmoja, mama mtu mzima, alikuja nikadhani ananikataza. Kumbe ameniletea kiti cha kukunja. Akachuchumaa karibu yangu na kunionyesha tundu la ile ya mlima, ambalo nisingeliona kamwe, lilikuwa nyuma ya kilele.

Nyingi ya hizi ni za karne ya 18 na ya 19. Mijini pesa zilikuwa zimeongezeka, na vitu vya mezani havikuwa tena vya wakubwa peke yao. Wakalimani, matabibu na makarani nao walitaka meza ya kisomi. Anasa hiyo iliwaudhi watawala. Mwaka 1754 mfalme Yeongjo alipiga marufuku kuchora kauri kwa buluu, isipokuwa mitungi ya joka ya ikulu. Ukitazama makabati haya utaona mwenyewe kuwa marufuku haikudumu.

Buluu yenyewe ni kobalti, na ilikuwa ghali kwa sababu ililetwa kupitia China. Jina lake la zamani huko liliihusisha na Waislamu, kwa kuwa kobalti iliyosifika ilitoka upande wa Uajemi. Sisi wa pwani tunaifahamu buluu hiyo bila kujua. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi, pale pale Dar, yalipambwa kwa sahani na bakuli za China zilizopachikwa ukutani. Nimewapeleka wanafunzi pale mara nyingi. Safari ijayo nitawaambia kuwa rangi ile iliwahi kwenda mashariki pia, mpaka kwenye meza ya karani wa Seoul.

Alhamisi: Bunwon

Hii ndiyo siku niliyoisubiri. Vyombo vya ikulu ya Joseon vilifinyangwa Gwangju ya Gyeonggi, chini ya ofisi iliyosimamia chakula cha mfalme. Sheria ya karne ya 15 iliiwekea ofisi hiyo wafinyanzi 380. Tanuri zilikula kuni kiasi kwamba karibu kila miaka 10 zilihamishwa kufuata msitu mwingine, na ndiyo maana wilaya ile ina mabaki ya tanuri zaidi ya 300. Mwaka 1752 wakatulia kijiji kimoja kando ya mto Han, kuni na udongo viletwe kwa mashua badala ya watu kuvifuata. Kijiji hicho kinaitwa Bunwon-ri mpaka leo.

Njia: treni ya Shinbundang hadi Pangyo, badilisha uchukue njia ya Gyeonggang hadi Gyeonggi Gwangju. Hadi hapo ni rahisi. Kutoka hapo basi la kijijini hupita kwa nadra. Nilisubiri, nikakata tamaa, nikachukua teksi kwa won 24,000. Dereva aliniuliza kama nimetumwa na chuo kikuu. Nilipomwambia nimekuja mwenyewe kuona yeonjeok alizima redio na njia nzima akawa ananionyesha vilima: huku palikuwa na tanuri, kule palikuwa na tanuri.

Maji unayoyaona pale leo ni ziwa lililotokana na bwawa la Paldang, lililokamilika 1973. Makumbusho ya kauri nyeupe ya Bunwon ni madogo, yako kwenye kilima jirani na shule ya msingi, na eneo zima ni la tanuri za zamani. Ndani ni vipande tu, vipande juu ya vipande. Nilivipenda kuliko vizima vya Yongsan. Kipande kinakuonyesha unene wa ukuta wa chombo na weupe wa udongo wenyewe chini ya glezi, lile ganda la kioo linalofunika kauri. Niliona miguu ya vyombo ikiwa na mchanga uliong'ang'ania, kwa sababu vilisimamishwa juu ya mchanga visigande na sakafu ya tanuri. Tafadhali: nje ukikuta kigae ardhini, kiache. Eneo linalindwa na sheria.

Mambo mawili yalitokea karibu karibu mwishoni mwa karne ya 19. Serikali iliziachia tanuri za Bunwon mikononi mwa watu binafsi mnamo 1883 na 1884, na mwaka 1894 mitihani ya kuingilia utumishi wa dola ikafutwa. Mitihani hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwafanya vijana wakeshe na brashi. Yeonjeok za umbo la samaki zilikuwa dua ya kufaulu, kama samaki anayepanda maporomoko hadi akawa joka. Ghafla hakuna mtihani wa kufaulu na hakuna tanuri ya mfalme. Nilisimama pale kilimani nikifikiria wafinyanzi waliojua kufinyanga kitu ambacho sababu yake imeondolewa kwa tangazo moja, na roho iliniuma kama vile ni watu ninaowafahamu.

Kijiji sasa kinajulikana kwa samaki wa maji baridi anayepikwa kwa pilipili nyekundu na majani makavu ya figili. Kwa kawaida wanapika kwa ajili ya watu wawili na zaidi. Mama wa mgahawa alinitazama nilivyo peke yangu, akaenda jikoni, akarudi na sufuria ndogo. Won 20,000 pamoja na visahani vya kachumbari visivyohesabika. Miiba ni mingi. Alikuja akakaa mbele yangu akanichambulia upande mmoja kwa vijiti, kama anavyofanyiwa mtoto, halafu akaniachia wa pili nijitegemee.

Kurudi, basi halikuja kabisa. Mzee aliyekuwa anakula meza ya jirani alinipeleka hadi kituoni kwa pikapu yake yenye magunia ya kabichi nyuma. Nilimpa noti akairudisha. Nikampa kanga niliyokuwa nayo begini ampelekee mkewe, hiyo akaipokea kwa mikono miwili na kuinama.

Ijumaa: Itaewon na Leeum

Msikiti Mkuu wa Seoul, uliofunguliwa 1976, uko juu ya kilima cha Itaewon, na vichochoro vinavyouzunguka vina migahawa ya halali. Baada ya swala nilisikia nyuma yangu, "Sista, kwani umetoka wapi?" Kijana wa Mombasa, anasoma uhandisi. Tulikula biriani ya Kipakistani pamoja, won 13,000, na akanionyesha njia ya mkato ya kwenda Leeum.

Leeum ni makumbusho binafsi, yalifunguliwa 2004, na jengo la sanaa za kale limebuniwa na msanifu majengo Mario Botta. Unapanda lifti hadi juu kisha unashuka ghorofa kwa ghorofa, kauri za kijani juu, nyeupe zinafuata. Mkusanyiko wa kudumu sikulipia, ila weka nafasi mtandaoni siku kadhaa kabla. Taa zimewekwa kwa ustadi sana na vyumba vina giza. Macho yakizoea, kila chombo kinasimama peke yake.

Hapa nilizitazama piltong zilizotobolewa. Mfinyanzi amekata ukuta mzima kwa kisu hadi likabaki yungiyungi na majani yake, au mzabibu na vishada, na katikati ya matawi unaona upande wa pili. Nilikuwa nimezoea kuiona kazi hii kwenye mbao, kwenye vidirisha vya juu ya milango ya Mji Mkongwe. Kwenye udongo mbichi ni ujasiri wa namna nyingine, kwa kuwa mbao haiendi motoni baada ya kuchongwa.

Jumamosi: Icheon

Njia ile ile ya Gyeonggang, ila unashuka Sindundoyechon, kituo kimoja kabla ya kile cha Icheon. Kijiji cha wafinyanzi kina karakana nyingi, kila moja na duka lake. Teksi kutoka kituoni haikufika won 10,000. Mji huu uko kwenye orodha ya UNESCO ya miji ya ubunifu tangu 2010, na Jumamosi hujaa familia zinazoleta watoto kufinyanga vikombe.

Nilizunguka karakana nikiuliza, kwa maandishi ya simu, nani anafinyanga yeonjeok zinazotumika. Wengi walinionyesha za mapambo. Mama mmoja aliyekuwa anauza sahani aliacha duka lake wazi akanishika mkono mpaka mwisho wa barabara, kwa mzee mwenye aproni iliyokauka udongo. Nilimsalimia kwa mikono miwili nilivyoona wengine wakifanya. Akaniuliza kazi yangu. Aliposikia mwalimu, akafuta kigoda kwa aproni yake.

Mzee alianza na iliyoharibika. Yeonjeok ya pichi iliyopasuka ndani ya tanuri, imeachana nusu kwa nusu. Ndani nikaona alama za vidole vyake vimejipanga mstari, pale alipousukuma udongo ndani ya kalibu. Pichi hutengenezwa nusu mbili, zikaungwa kwa udongo wa majimaji. Ile ya mraba hukatwa bapa kama vipande vya sanduku. Ya goti hufinyangwa kwenye gurudumu na kufungwa juu huku bado inazunguka. Kwa zote, tundu lazima litobolewe kabla ya moto, la sivyo hewa na mvuke vilivyofungiwa ndani vinaipasua. Kumbe matundu yale mawili yanakiokoa kwanza chombo chenyewe, ndipo baadaye yanamhudumia mwandishi. Piltong nazo, aliniambia, zinatobolewa udongo ukiwa umekauka nusu. Ukiwahi unalala, ukichelewa unavunjika. Na ndani ya moto wa nyuzi 1,250 na zaidi ukuta uliotobolewa unalegea, kwa hiyo anatoa nyingi zilizoinama upande.

Kisha akaleta beseni la maji na yeonjeok nzima, ya mraba, nyeupe tupu, ndogo kuliko sanduku la chaki. Akaizamisha. Mapovu madogo madogo yakaanza kupanda kutoka tundu moja, kwa mpangilio, yakapungua, yakakoma. Imejaa. Akaitoa, akaifuta kwa kitambaa, akaniwekea mkononi na kukikalisha kidole changu cha shahada juu ya tundu la hewa.

Niliinamisha juu ya jiwe la wino. Hakuna kitu. Nikainua kidole nusu, ngozi ikanyanyuka kidogo tu kutoka kwenye kauri, na tone moja likavimba kwenye pembe, likaning'inia, likaanguka. Nikaziba. Pembe ikabaki na unyevu lakini hakuna lililofuata. Nikalegeza tena, matone mawili. Nikainua kidole chote na maji yakatoka uzi mwembamba, mzee akapaza sauti, tukacheka wote. Baada ya muda kidole kilianza kujua chenyewe. Uzito wa chombo unapungua kidogo kidogo na unausikia. Niligundua pia kuwa weupe ule uliolowa unabadilika, unaingia ubuluu kidogo, kitu ambacho nyuma ya kioo hakionekani.

Tulisaga wino kwa kile kijiti nilichopewa Insadong. Aliniandikia kwenye simu: "Maji machache kwanza. Wino ukiwa mzito utaongeza, ukiwa mwepesi utasaga mpaka jioni." Nikaandika bismillahi kwa herufi za Kiarabu kwa brashi ya Kikorea, yeye akaandika neno maji kwa herufi zao, tukabadilishana karatasi.

Niliinunua ile ya mraba kwa won 70,000. Alikuwa ameandika 90,000, akakata mwenyewe bila kuombwa. Tafadhali usiende pale kubishana bei. Vile vitu vinachukua siku nyingi na tanuri inakula sehemu yake.

Jumapili: uwanja wa ndege

Mambo matatu ya vitendo. Kwanza, mwaga maji yote kabla ya ukaguzi. Yeonjeok huficha maji hata ukidhani ni kavu. Itikise, ilaze kifudifudi usiku kucha. Yangu ilipitishwa kwenye mashine mara mbili kisha ofisa akaigeuza juu chini juu ya kiganja chake mpaka aliporidhika. Pili, omba risiti yenye jina la karakana na picha. Korea hairuhusu vitu vya kale kutolewa nchini bila kibali, na uwanjani kuna ofisi ya kuvikagua. Kipya kinachofanana na cha kale bila risiti kitakuchelewesha. Ukiuziwa mtaani kitu unachoambiwa ni cha miaka mia, usikibebe mpaka ofisi hiyo imekiona. Tatu, beba kauri mkononi, imefungwa kwenye nguo, si kwenye begi la chini.

Ukiondoa tiketi na viza, nilitumia takriban won 640,000, pamoja na manunuzi yote. Malazi ndiyo yaliyokula nyingi. Chakula kilikuwa nafuu kuliko nilivyohofia, na teksi ya Gwangju ilikuwa ghali kuliko nilivyopanga.

Sehemu moja sikuifikia. Udongo mweupe uliokwenda Bunwon ulitoka sehemu kadhaa, na mmojawapo ni Yanggu, milimani kaskazini-mashariki, ulioteremshwa kwa mashua kwenye mto Han wa Kaskazini. Kuna makumbusho ya kauri huko tangu 2006, na mzee wa Icheon anasema udongo huo bado unafinyangwa. Nitakwenda majira ya kuchipua, barabara zikiwa hazina barafu. Kama kuna msomaji aliye Seoul anayeijua njia ya basi ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, aniandikie.